Majilio katika Nyumba ya Kupanga

Majilio ni majira ya Jumapili nne kabla ya Krismasi, na ndiyo yanayofungua mwaka wa Kanisa. Huanza Jumapili iliyo karibu zaidi na Novemba 30, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, hivyo urefu wake hubadilika. Mwaka 2023 Jumapili ya nne iliangukia Desemba 24, na jioni hiyohiyo Majilio yakaisha. Wakatoliki na Waanglikana huyashika. Makanisa mengi ya Kipentekoste hayanayo katika kalenda yao.

Katika misa za Kikatoliki, wiki za mwanzo hazizungumzii hori la Bethlehemu. Masomo yanahimiza kukesha kwa ajili ya kurudi kwa Kristo, kisha Yohane Mbatizaji anawaita watu watubu. Ni kuanzia Desemba 17 ndipo kuzaliwa kwa Yesu kunaposhika nafasi. Padri huvaa zambarau na wimbo wa Utukufu hunyamazishwa, ila Aleluya huimbwa, tofauti na Kwaresima.

Juja, mji wa Kenya ulio kati ya Ruiru na Thika, umejaa wapangaji waliofuata masomo katika chuo kikuu cha JKUAT au kazi za Nairobi. Wengi wao huila Krismasi ushago. Majilio ndiyo yanayowakuta mjini, watoto nao wakiwa likizoni, na kwa familia nyingi hizo ni jioni ambazo wote wanaweza kukaa pamoja.

Kitovu cha jioni hizo ni shada la mishumaa. Mwanateolojia wa Kilutheri Johann Hinrich Wichern alilianzisha Hamburg mwaka 1839, akipanga mishumaa juu ya gurudumu la mkokoteni kwa ajili ya watoto maskini aliowalea. Nyumbani sinia na matawi mabichi ya saiprasi yanatosha. Mishumaa mitatu ni ya zambarau, na mmoja wa waridi ni wa Jumapili ya tatu, Jumapili ya Furaha. Rangi zikikosekana, mishumaa myeupe ya dukani hufungwa utepe. Nta hudondoshwa kwenye sinia na mshumaa husimikwa kabla haijaganda. Mtoto huwasha, mkubwa husoma Injili, wote husali, kisha mshumaa huzimwa ili ufike Jumapili ya nne, ambapo wa kwanza utakuwa kibutu.

Nje ya nyumba kuna Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambapo majirani Wakatoliki husali novena ya Krismasi, yaani sala ya siku tisa, kwa zamu na kuchanga unga na sukari kwa wagonjwa na wajane. Kitubio nacho hakifai kuachwa hadi mkesha wa Krismasi, wakati foleni ni ndefu.

Adui wa Majilio ni haraka. Supamaketi hupiga nyimbo za Krismasi tangu Novemba, nauli hupanda, na familia hufika Desemba 25 imechoka. Ununuzi ukimalizwa mapema, na pango la Krismasi likipangwa bila Mtoto Yesu hadi usiku wa Desemba 24, majira haya hupata nafasi yake. Mwaka 2026 yataanza Novemba 29.