Tarehe Katika JavaScript (3): Programu Isikisie

Makala mbili zilizopita zilihusu jinsi JavaScript inavyohesabu siku. Leo tuitazame tarehe anayoiandika mtu mwenyewe kwenye fomu. Mwombaji wa Dodoma au Mombasa akiandika 05/03/2025 amekusudia tarehe tano Machi. Programu ikiikabidhi kwa Date kama ilivyo, Chrome huanza na mwezi, kama Wamarekani, na kutoa tarehe 3 Mei bila onyo lolote. Kiwango cha ECMAScript hakisemi maandishi hayo yasomweje. Kimewaachia watengenezaji wa vivinjari. Akiandika 25/03/2025 atakataliwa, maana hakuna mwezi wa 25, na kosa hilo si la kutisha kwa sababu linaonekana. La kutisha ni lile la kwanza. Tupige hesabu: siku 12 za mwanzo wa kila mwezi zaweza kusomwa kama miezi, na kwa mwaka ni siku 144. Ondoa 12 ambazo siku na mwezi ni namba moja, kama 07/07, zinabaki 132. Zaidi ya theluthi ya mwaka yaweza kuhifadhiwa kinyume, na asijue mtu mpaka siku mkataba wa pango utakapozua ugomvi.

Wengi hujaribu miundo mmoja baada ya mwingine mpaka mmoja ukubali. Njia hiyo inafaa kwa “5 Machi 2025”, ambayo haina maana ya pili. Kwa 05/03 muundo uliotangulia kujaribiwa ndio unaoshinda, hata kama mwandishi alikusudia mwingine. Wapo wanaosema lugha ya simu iamue. Lakini lugha ya simu inaeleza menyu zimeandikwaje, haielezi mwenye simu alifundishwaje kuandika tarehe, na simu iliyowekwa Kiingereza cha Marekani yaweza kuwa mikononi mwa mkulima wa Iringa. Faili refu lililotoka chanzo kimoja ni jambo jingine: 25/03 moja ndani yake yatosha kufichua mpangilio wa zilizobaki. Fomu ya mtu mmoja haina ushahidi huo.

Kwa hiyo fomu itangaze mpangilio wake, ivitenganishe vipande vitatu yenyewe, kisha imwonyeshe mtu tarehe yenye jina la mwezi aithibitishe. Uhakiki nao usisahaulike: new Date(2025, 1, 31), ambapo 1 ni Februari, haikatai, hutoa 3 Machi. Lazima siku na mwezi vilinganishwe upya na vilivyoandikwa. Atakayesema tutumie 2025-03-05 kila mahali ana haki upande wa kuhifadhi, ila Date huyachukua maandishi hayo kuwa usiku wa manane wa UTC: Nairobi ni saa tisa usiku wa tarehe 5, New York bado ni saa moja jioni ya tarehe 4. Temporal.PlainDate, iliyomo ndani ya Firefox tangu toleo la 139 la Mei 2025, hushika tarehe tupu isiyo na saa. Nayo ikipewa 05/03/2025 haikisii hata kidogo. Hukataa papo hapo, na kazi ya kumuuliza mwenye tarehe inabaki kwa anayeandika fomu.