Laptopu Nyembamba na Gharama ya Matundu Yaliyoondolewa

Mwenye dola 300 mkononi Kasongo, mkoani Maniema, anayetafuta laptopu ya kazi, ana njia mbili za kupoteza hela zake. Ya kwanza ni kununua mashine nzito ya mwaka 2011 inayokula umeme wa sola mpaka taa za nyumbani zikazimika kabla ya watoto kumaliza kusoma. Ya pili, inayowanasa wengi kwa sababu inapendeza macho, ni kununua laptopu nyembamba kama daftari, iliyobakiwa na matundu mawili ya USB-C na moja la kusikilizia muziki. Hii ya pili ndiyo ninayotaka kuipigia hesabu. Ubaya wa ile ya kwanza kila mwenye betri ya sola ameshauona. Ubaya wa hii hauonekani mpaka mashine imefika nyumbani na muuzaji yuko Bukavu.

Kazi kubwa ya laptopu mjini Kasongo ni kupokea vitu vya watu. Kwenye sekretaria publiki mteja anaingia na flashi: barua ya kuomba kazi, maswali ya mtihani, hati ya kiwanja. Mpiga picha anatoka harusini na kadi ya SD. Printa iko mezani na waya wake wa USB wa zamani, ule mpana. Parokiani au shuleni unakuta projekta ya miaka mingi ambayo tundu lake ni VGA, lile la buluu lenye skrubu mbili pembeni. Kwenye ofisi ya zoni ya afya, takwimu za kila mwezi kutoka vituoni huingizwa katika DHIS2, programu inayotumiwa na wizara ya afya nchi nzima, na intaneti hufika kwa modemu ya kuchomeka au kwa kebo inayoshuka kutoka kwenye antena. Takwimu hizo si jambo dogo kwa mji huu. Mwaka 1981 jarida la kitabibu The Lancet lilichapisha matokeo ya timu ya Mradi wa Kasongo kuhusu chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo, utafiti uliojadiliwa na wataalamu mbali sana na Maniema. Wakati ule kazi ilifanywa kwa kadi na kalamu. Leo inaweza kukwama kwa sababu mashine haina pa kuchomeka kebo.

Kwa nini wembamba unaondoa matundu? Ni suala la kimo. Tundu la kebo ya mtandao, RJ45, linahitaji zaidi ya milimita 10 za urefu wa kwenda juu. VGA ina upana wa sentimita 3 hivi. Kichwa cha USB ya kawaida kina unene wa milimita 4.5, na tundu lake lazima liwe kubwa zaidi ya hapo. USB-C, iliyotangazwa mwaka 2014, inatosha kwenye uwazi wa milimita 8.4 kwa 2.6. Mhandisi akiambiwa ashushe unene wa mashine hadi milimita 13, ni vigumu kwake kupata pa kuyaweka yale mengine. Anachokiondoa kwenye mashine, mnunuzi atakibeba mfukoni kama adapta, na kukilipia.

Apple ndiyo iliyoifungua njia hii kwa kishindo. Januari 2008, San Francisco, Steve Jobs alichomoa MacBook Air kutoka ndani ya bahasha ya ofisi. Ilikuwa na tundu moja tu la USB, bila tundu la kebo ya mtandao. Mwaka 2015 ikaja MacBook ya inchi 12: unene milimita 13.1, uzito chini ya kilo moja, na tundu moja la USB-C la kufanyia kila kitu, kuchaji kukiwemo. Bei ilianzia dola 1,299. Aliyetaka kuchomeka flashi aliongeza adapta ya dola 19, na aliyetaka kuunganisha projekta ya VGA akaongeza nyingine ya dola 79. Mwaka 2016 MacBook Pro nazo zikaanza kutoka na USB-C peke yake, na manung'uniko yakawa makubwa hata kampuni ikashusha bei za adapta kwa muda. Mwaka 2021 HDMI na tundu la kadi ya SD vikarudishwa kwenye MacBook Pro. Maana yake, anayenunua leo okazyo, yaani mashine iliyokwisha kutumika, ya 2016 au 2017 inayong'aa ananunua uamuzi ambao waliouchukua wenyewe wameshauacha. Starlink nayo, kampuni ya intaneti ya setilaiti iliyopata leseni Kongo mwaka 2025, ilipita huko huko: ruta yake ya mstatili ilitoka bila tundu la kebo, mtu akalazimika kununua adapta ya kando, na toleo lililofuata likarudi na matundu mawili.

Muuzaji hukujibu haraka ukimuuliza. "Papa, hii flashi itaingia wapi?" "Mama, hiyo si shida, utatia adapta." Jibu hilo lina ukweli Nairobi au Dubai, ambako duka la adapta liko ng'ambo ya barabara. Kasongo iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kindu kwa njia ambayo mvua huigeuza tope, na Kabambare ni mbele zaidi bado, upande wa mashariki, ambako mizigo mingi hufika kwa pikipiki. Adapta ikiungua hapo, unamtuma mtu, unamsubiri, na anaporudi huenda ameleta isiyofaa.

Kwa hiyo bei ya adapta ni sehemu ndogo ya hesabu. Tuseme sekretaria moja hubaki na faida ya dola 5 kwa siku baada ya kulipa karatasi na wino, na adapta yake imekufa, na nyingine imechukua siku 10 kufika. Hapo pameondoka dola 50, pengine kwa kifaa cha dola 15. Mwenye busara atanunua mbili tangu mwanzo, moja ya kazi na moja ya akiba. Basi aziweke zote mbili kwenye bei ya laptopu anapolinganisha. Tena asidhani kila adapta ni sawa. Zile za bei ya chini kabisa, zenye HDMI, VGA, USB na tundu la kebo kwa pamoja, hupata moto zikitumiwa saa nyingi, na nyingine hazipitishi umeme wa kutosha kuchaji mashine huku zikifanya kazi. Vilevile, adapta inayoning'inia na waya wa printa na wa projekta hulivuta tundu la USB-C kila mtu anapogusa meza. Tundu hilo, kwenye mashine nyingi nyembamba, limelehemiwa kwenye bodi kuu. Likilegea, laptopu haichaji wala haisomi kitu, na ulehemu mdogo kiasi hicho haufanywi na kila fundi.

Sasa upande wa umeme, na hapa lazima mashine nyembamba ipewe haki yake. Kwa mtu wa Kasongo au Salamabila anayeishi kwa paneli na betri, au kwa grupu linalowashwa saa chache jioni, wati ni fedha. Laptopu ya 2011 kama ThinkPad T420 ina karibu kila tundu unalolitaka, VGA na kebo vikiwemo, lakini prosesa yake imepangiwa wati 35. Ikitumika kazini, skrini ikiwaka, ihesabie wati 30 kwa wastani. Kwa saa 6, hizo ni wati-saa 180, na ukizipitisha kwenye inveta inayopoteza takriban asilimia 15, betri inatoa zaidi ya 200. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 ina wati-saa 600 kwa maandishi, lakini ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, unazo 300. Laptopu peke yake imeshakula theluthi mbili. Mashine mpya yenye wastani wa wati 10 ingekula 60 tu kwa saa zilezile. Tofauti hiyo inatosha kuwasha taa kadhaa za LED na kuchaji simu za nyumba nzima.

Na kuna jambo la pili ambalo sisikii wauzaji wakilisema: mashine inayochajiwa kwa USB-C haihitaji inveta kabisa. Chaja ndogo ya gari ya wati 65, yenye alama ya PD (Power Delivery), inachomekwa moja kwa moja kwenye betri ya volti 12 kupitia soketi ya gari, na upotevu wa inveta unapungua sana. Chaja hiyohiyo inachaji simu. Umoja wa Ulaya umeamua kwamba laptopu mpya zinazouzwa huko, kuanzia tarehe 28 Aprili 2026, ziwe zinachajiwa kwa USB-C, kwa hiyo okazyo za Ulaya zitakazotufikia miaka ijayo zitakuwa hivyo. Hii ni faida ya kweli. Lakini ni faida ya USB-C na ya prosesa inayotumia umeme kidogo. Wembamba wenyewe hauna mchango humo, na hapo ndipo wanunuzi wengi wanapochanganya mambo mawili.

Wembamba una wateja wake halali. Mhudumu anayezunguka vituo vya Kabambare kwa pikipiki, mgongoni ana begi la chanjo au la fomu, atashukuru kupunguziwa kilo moja. Anayeishi mahali ambapo usalama unaweza kuharibika usiku anataka kitu cha kushika na kuondoka nacho. MacBook Air ya 2020 yenye chipu ya M1 haina feni, kwa hiyo haivuti vumbi jekundu la kiangazi, na betri yake hukaa muda mrefu sana. Kama kazi yako ni kuandika, kusoma na kutuma kwa Wi-Fi ya simu, na huna printa wala projekta, ichukue kwa moyo mmoja. Ila ujue kwamba RAM na hifadhi yake vimelehemiwa: ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho.

Kwa wengine wote, yaani sekretaria, shule, parokia, zoni ya afya na vyama vya wakulima, jibu langu liko katikati, kwenye mashine za ofisi za 2017 na 2018. Miaka hiyo watengenezaji walikuwa wameshaweka USB-C bila kuyaondoa yale ya zamani. Lenovo ThinkPad T480 ina unene wa milimita 20, matundu mawili ya USB ya kawaida, mawili ya USB-C yanayochaji, HDMI, tundu la kebo na la kadi ya SD. Prosesa zake za kawaida ni za wati 15. RAM inabadilishwa kwa bisibisi, na betri ya nyuma inachomolewa kwa mkono bila kufungua chochote, huku betri ndogo ya ndani ikiiweka mashine hai. Toleo la mwaka uliofuata, T490, lilipunguza milimita 2 hivi, na likaipoteza betri ya kuchomoa na tundu la kadi kubwa ya SD. Milimita 2 kwa vitu viwili unavyovihitaji kila siku: mimi nisingekubali biashara hiyo. Anayetegemea projekta ya zamani aitafute Dell Latitude 5490 au HP ProBook 450 G5, ambazo bado zina VGA pamoja na HDMI na tundu la kebo. Ni nzito kidogo. Mezani uzito huo haumsumbui mtu.

T480 ina doa lake. Mashine nyingi za ThinkPad za 2017 hadi 2019 zilitoka na kasoro kwenye programu ya ndani ya Thunderbolt, teknolojia inayopitia tundu la USB-C, na kasoro hiyo inaweza kuliua tundu la USB-C lisichaji tena. Lenovo ilitoa marekebisho ya bure, lakini lazima yawekwe kabla tundu halijafa. Mwambie muuzaji ayaweke mbele yako akiwa na intaneti ya uhakika, kwa sababu ukishafika Kabambare huenda usiipate ya kutosha.

Ukimtuma ndugu Kindu, Bukavu au Uvira akununulie, usimpe jina la mashine peke yake. Mpe flashi, kadi ya SD, kipande cha kebo ya mtandao na chaja ya USB-C. Achomeke kila kimoja kwenye kila tundu, kushoto na kulia, na aone kikisomeka. Atikise kidogo kichwa cha chaja na kutazama kama alama ya kuchaji inazimika. Ikizimika, airudishe mashine mezani na kuangalia nyingine. Aiache ifanye kazi kwa betri yake nusu saa nzima, na muuzaji akikataa kusubiri, aende duka la jirani. Hela alipe mwisho, baada ya hayo yote.