MATUMIZI YA MIALE YA LEZA KATIKA KUCHORA RAMANI ZA MAFURIKO

Watumishi wa umma na wakazi wa Ilemela, mwambaoni na visiwani, wanafahamishwa kuhusu njia ya kisasa ya kutambua ardhi iliyo hatarini kufurika.

Mwezi Mei 2020 kina cha Ziwa Victoria kilifikia mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, Uganda. Mei 2024 kilifikia mita 13.66. Ongezeko hilo ni sentimita 24 tu. Lakini ufuko unaopanda mita 1 katika kila mita 100 humezwa na maji mita 24 zaidi kuelekea nchi kavu. Ramani za kawaida, ambazo mistari yake ya kontua hupishana kwa mita nyingi, haziwezi kuonesha tofauti hiyo.

Katika njia ya leza, chombo hufungwa kwenye ndege na kutuma miale ardhini maelfu ya mara kwa sekunde. Muda wa mwale kwenda na kurudi hutoa umbali, na umbali hutoa mwinuko, kwa kosa dogo. Baadhi ya miale hupenya kati ya majani na kufika ardhini, jambo ambalo picha za kawaida za angani haziwezi. Setilaiti ya Marekani ICESat-2, iliyorushwa mwaka 2018, hupima pia uso wa maziwa kwa leza.

Kompyuta hujaza maji katika mwinuko huo na kuonesha yatakapofika. Ilemela ina mafuriko ya aina mbili: ziwa linalopanda polepole, na mvua inayoteremka kwa kasi kutoka vilima vya mawe. Kila aina huhitaji hesabu yake. Aidha, kipimo cha Jinja hakianzii usawa wa bahari; sharti kilinganishwe kwanza na alama za upimaji za ardhi.

Ramani hiyo haibatilishi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Hata hivyo, kiwanja kilicho nje ya mita 60 chaweza kufurika iwapo kipo bondeni.

Kwa hiyo, maofisa wanaogawa viwanja wanashauriwa kuangalia mwinuko pamoja na umbali. Wananchi wanaombwa wasing'oe bikoni, na wahifadhi alama za maji zilizobaki kutani, kwani ndizo ushahidi wa kuhakiki ramani.