Sola Iliyounganishwa na Gridi: Faida Iko Mchana

Mapaa ya Chuo Kikuu cha Strathmore, mtaani Madaraka, Nairobi, yalifungwa mtambo wa sola wa kilowati 600 mwaka 2014. Ulikusudiwa kulisha madarasa na ofisi, na ziada kwenda kwenye gridi ya taifa. Siku hizo hilo lilikuwa jambo la taasisi zenye ubavu wa kuketi mezani na kampuni ya umeme, Kenya Power. Kanuni za mwaka 2024 za kubadilishana umeme na gridi zimewafungulia mlango hata wenye nyumba na maduka, mradi mtambo usizidi megawati 1.

Kinachobadilishwa ni yuniti, si pesa. Mita husoma stima inayoingia na inayotoka, na kwa kila yuniti 2 zinazokwenda kwenye gridi mteja huhesabiwa 1. Tuseme paneli za familia fulani zimezalisha yuniti 10 kutwa, nayo ikatumia 4. Sita zilizobaki zinahesabiwa 3. Usiku ikitumia 5, italipia 2. Salio likifika mwisho wa mwaka wa fedha bila kutumika, hufutwa.

Wapo wanaolalamika kwamba wanapunjwa. Hata hivyo, Wakenya hutumia stima kwa wingi zaidi jioni, jua likiwa limeshatua, na nguzo, nyaya na transfoma zinazobeba mzigo huo ni lazima zigharimiwe na mtu. Nusu ni kidogo, lakini ina sababu.

Linaloshangaza zaidi ni hili: stima ikipotea saa sita mchana, jua likiwaka kweli kweli, nyumba yenye sola ya gridi isiyo na betri nayo huzimika! Si kwamba inveta imeharibika. Hiyo hugeuza umeme wa paneli ulingane na wa gridi, volti 240 na mizunguko 50 kwa sekunde, na ikikosa gridi ya kufuata hujizima kwa makusudi. Transfoma ya mtaa inayoshusha volti 11,000 hadi kiwango cha nyumbani inaweza pia kuzipandisha, umeme ukiingilia upande wa pili. Fundi aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa angeuawa na stima iliyotoka kwenye paa la mtu.

Anayetaka taa ziwake stima ikipotea hana budi kuongeza betri, na inveta inayoweza kujitenga na gridi. Hapo ndipo gharama hupanda.

Kwa hesabu hizi, wanaonufaika zaidi ni wanaotumia stima mchana: posho mill, bucha, shule, pampu ya kisima. Nyumba ambayo watu wake huondoka alfajiri na kurudi usiku ianze na paneli chache. Na kabla ya kulipa chochote, muulize fundi leseni yake ya EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati, kisha peleka maombi Kenya Power paneli zikiwa bado dukani.