Rekodi za Jicho Linalosoma

Ziwa Nyasa linaongoza duniani kwa wingi wa aina za samaki. Rekodi zifuatazo hazivuliwi ziwani: zimo machoni mwa kila anayesoma, awe Kyela mjini, Itungi au Matema.

Ugunduzi mkongwe. Mwaka 1879, daktari wa macho wa Ufaransa, Louis Émile Javal, alieleza kuwa jicho la msomaji haliserereki juu ya mstari. Linaruka, linatua, linaruka tena.

Kifaa cha kutisha kupita vyote. Karibu mwaka 1900, Mmarekani Edmund Huey alitia jicho ganzi kwa kokeini, akalibandika kikombe kidogo cha plasta kilichounganishwa na kijiti cha kuchora mwendo wake.

Kituo kifupi. Jicho hutua kwa takriban robo sekunde. Mruko wenyewe huisha kwa milisekunde 30 hivi, na humo halisomi kitu.

Jaribio lililofungua njia. Mwaka 1975, George McConkie na Keith Rayner walitumia kompyuta iliyobadilisha herufi kwa kufuata jicho. Kwa mbinu hiyo ilibainika kuwa msomaji wa Kiingereza hunasa herufi tatu au nne kushoto mwa pale jicho linapotua, na kama 15 kulia. Kwa Kiebrania, kisomwacho kutoka kulia, upande mpana huwa kushoto.

Sentensi zenye mtego. Mwaka 1982, Lyn Frazier na Rayner walionyesha kuwa msomaji aliyepotoshwa na sentensi hukawia kwenye neno linalomsahihisha, na mara nyingi hurudi nyuma. Kiswahili kina mitego yake: “Mtoto wa mvuvi aliyefika Matema.” Nani alifika? Weka mtumbwi mahali pa mtoto, “Mtumbwi wa mvuvi uliofika Matema,” na ngeli inamaliza ubishi papo hapo.

Ndugu wa karibu. Mwaka 2013, Bertus van Rooy na Elizabeth Pretorius walilinganisha usomaji wa Kizulu na Kiingereza. Kwa Kizulu, chenye maneno marefu ya viambishi kama yetu, macho yalipiga miruko mifupi na kutua kwa muda zaidi.

Pengo kubwa. Mradi wa MECO ulichapisha mwaka 2022 data za mwendo wa macho ya wasomaji katika lugha 13, kuanzia Kifini hadi Kikorea. Hakuna hata moja ya Kibantu. Kyela pangefaa kuanzia: msomaji wa Kinyakyusa, lugha yenye irabu saba, husoma pia Kiswahili chenye tano, na ngeli zinafanya kazi katika lugha zote mbili.