Ibada ya jioni nyumbani yahitaji ufupi, si ukali

GIZA linapotanda Kakamega na sufuria ya ugali kuepuliwa mekoni, mzazi huwa na robo saa tu ya kuwakusanya watoto kwa maombi kabla ya usingizi kuwalemea. Jinsi anavyoitumia robo saa hiyo yaweza kumfanya mtoto ayapende maombi, au ayaone kuwa adhabu.

Sala ya nyumbani si jambo geni katika eneo hili. Kabla ya wamishonari kufika, wazee wa Kiluhya walizoea kurauka alfajiri, wakaelekea mashariki na kumwomba Were awajalie siku njema. Kisha Marafiki, yaani Wakweka, walianzisha kituo cha Kaimosi, kilichoko leo katika Kaunti ya Vihiga, mwaka wa 1902. Nao Waanglikana walifungua chao huko Butere mwaka wa 1912.

Hata hivyo, wazazi wengi wamewaachia walimu wa shule ya Jumapili jukumu hilo. Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, chaagiza vingine: mzazi awafunze wanawe aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo.

Kosa la kwanza ni urefu. Mtoto wa miaka minne hawezi kutulia akisikiliza sura nzima. Wimbo mmoja, kisa kimoja na sala fupi vyatosha. Dakika kumi si haba. Mdogo achague wimbo, mkubwa asome aya mbili tatu. Swali nalo liwe la kumfikirisha: “Ungekuwa yule mvulana mwenye mikate mitano na samaki wawili, ungekubali kuvitoa?”

Kosa la pili ni kuigeuza sala kuwa mahakama. Mzazi anayemshtaki mtoto kwa Mungu mbele ya ndugu zake, eti ameramba sukari, humwaibisha bure. Makosa yazungumzwe kando. Anayesinzia naye asichapwe, alazwe.

Fauka ya hayo, mtoto aachiwe maneno yake. Akimwombea kuku mgonjwa, wakubwa wasicheke, maana kwake hilo ni jambo zito.

Mtihani mkubwa huja pale mtoto anapouliza mbona babu alifariki ilhali walimwombea kila jioni. Kumwambia kwamba imani yake ilikuwa haba ni kumtwika mzigo usio wake. Ni heri mzazi akiri kwamba hajui, kisha amsimulie jinsi Yesu mwenyewe alivyolia Lazaro alipokufa. Mtoto atajifunza kwamba machozi nayo yana nafasi mbele za Mungu.

Je, baba akiwa kazini Nairobi? Ibada isingoje likizo ya Desemba. Timotheo aliipata imani kwa nyanyake Loisi na mamake Eunike. Nyanya anayesali kwa Kiluhya humrithisha mjukuu imani pamoja na lugha, na asiyejua Kiswahili vizuri hana sababu ya kunyamaza: Biblia nzima ya Kilogooli ilichapishwa mwaka wa 1951, na ya Kiluhya mwaka wa 1975. Baba naye aweza kupiga simu jioni moja kwa juma, akamsikiliza mwanawe akisali.

Yafaa pia saa isibadilike ovyo. Ibada fupi ya kila siku humjenga mtoto kuliko ndefu inayofanywa mara moja kwa mwezi, mgeni anapokuja.

Hatimaye, watoto huiga wanachokiona. Baba akisema “amina”, kisha akamfokea mama kwa sababu chai imepoa, mtoto atakumbuka ile sauti ya ukali kuliko sala yote iliyotangulia. Lakini akigeuka na kuomba msamaha papo hapo, mbele ya wanawe, atakuwa amewafunza somo ambalo wimbo na aya peke yake haviwezi kulifunza. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.