Ndege Iliyolemewa na Mafuta Yake

Mvuvi wa Rumonge anayevuka hadi Ubwari anaijua hesabu hii: kila dumu la petroli analoongeza linakula nafasi ya mukeke na ndagala. Hesabu hiyohiyo iliwatesa Kurt Tank na wahandisi wa Focke-Wulf walipochora Ta 400, ndege ya mabomu ya kuifikia Marekani katika Vita Kuu ya Pili. Kutoka Paris hadi New York na kurudi ni takriban kilomita 11,600, na njiani hakuna pa kujaza mafuta. Wakapanga injini sita za BMW 801. Injini zikiongezeka, mafuta yanaongezeka. Uzito wa mafuta unadai mabawa makubwa zaidi, na mabawa nayo yana uzito wake. Mradi ulifutwa mwaka 1943, bila kujengwa hata ndege moja.

Kwangu mimi, jibu la tatizo lao lilikwisha kuonekana kwenye ziwa letu la Tanganyika. Mwaka 1916, pwani hii ikiwa bado ya Wajerumani, Wabelgiji walileta ndege nne aina ya Short zinazoelea majini, wakaziweka upande wa Kongo, jirani na Kalemie. Zilikuwa dhaifu, zenye injini moja moja. Tarehe 10 Juni, Wabelgiji wawili, Behaeghe na Collignon, walivuka ziwa wakaangusha mabomu Kigoma. Waliweza kwa sababu kituo chao kilikuwa ng'ambo tu. Mwezi huohuo Usumbura ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji.

Wajerumani wa Ulaya, wakiwa mbali, walijaribu chombo kikubwa: L 59, meli ya anga ya Zeppelin yenye urefu wa mita 226. Iliondoka Jamboli, Bulgaria, tarehe 21 Novemba 1917, na tani zipatazo 15 za risasi, dawa na vifaa vingine vya jeshi lao la Afrika Mashariki chini ya Lettow-Vorbeck. Haikutarajiwa kurudi, kwani huku hapakuwa na haidrojeni ya kuijaza upya. Kitambaa cha mwili wake kingeshonwa mahema na nguo. Fremu yake ingekuwa milingoti ya redio. Ilipofika Sudan ikaamriwa kugeuza, ikatua Jamboli baada ya saa 95 na kilomita 6,757.

Nawaheshimu wahandisi hao wa 1917 kuliko wenzao wa Ta 400: waliifuta safari ya kurudi kwenye hesabu zao tangu mwanzo.